Mwalimu wa Kwenye Kioo — Sehemu ya Saba: Mtu wa Upinde

Upinde ndio ulioingia kwanza. Kisha mkono ulioushika. Kisha mtu mwenyewe, ameinama chini ya mlango mfupi, na mtoto Noëlla yuko peke yake kwenye mkeka.

Hapo ndipo kalamu iliposimama wiki iliyopita, na najua kuna waliokasirika. Basi tusipotezeane muda. Kwa aliyechelewa: tuko Kalemie, mji wa kando ya ziwa, mwaka 2017. Vita ya mishale, kati ya watu wa msituni na wanavijiji, imewafukuza watu wa vijiji vya Nyunzu mpaka mjini. Serikali ya jimbo imegawa tableti katika nyumba za maskini na za waliokimbia, ili watoto wa miaka mitano wasome hapo hapo nyumbani. Kila asubuhi Mwalimu Salama anakaa mbele ya kamera katika biro, ofisi ya mpango huo. Watoto wanamuona yeye tu. Yeye anawaona wote, kila mmoja katika kidirisha chake, kwenye kioo kikubwa kilichotundikwa ukutani.

Na katika kidirisha cha chini kabisa, asubuhi hii, anamuona mtu wa upinde.

"Mama yako iko wapi?" mtu yule aliuliza.

"Iko kwa bomba, anachota maji," Noëlla alijibu. Kisha akakumbuka adabu. "Jambo, Papa."

Mtu alirudisha mlango, akauegemea. Suruali yake ilikuwa imelowa damu upande wa kushoto, toka pajani hadi gotini. Akateleza taratibu kando ya ukuta wa udongo mpaka akakaa chini.

Kule biro Isidore, fundi wa rezo ya mtandao, aliruka hata kiti chake kikaanguka. Salama alimuonyesha kiganja chini ya meza, mahali kamera isipofika. Tulia.

Lakini mtu wa upinde alikuwa amekwisha kusikia sauti.

"Nani anasema humu?"

"Njo Madame Salama!" Noëlla alisema kwa furaha, na njo ya kwetu ni ndiye au ndiyo, akaigeuza tableti.

Salama akajikuta anatazamana naye uso kwa uso. Alikuwa na ndevu za vumbi na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. Ncha ya mshale ikasogea mpaka ikajaza nusu ya kidirisha.

"Huyu mama ananiona?"

"Anaona watu wote," Noëlla alisema.

"Walituambia hivi vioo njo macho ya askari." Sauti ya mtu yule ilishuka. "Kama ananiona, nitavunja hii kitu. Na wewe, mutoto, hautaenda kumueleza muntu."

Salama hakupata nafasi ya kufikiri. Alifanya jambo moja tu: aliendelea.

"Na hii, watoto wangu, njo herufi m," alisema huku akitabasamu. Macho yake yalipita juu ya uso ule kana kwamba pale hapakuwa na uso. "M ya maji. M ya muhogo. M ya mama. Mukae vizuri, mufunge miguu, museme pamoja na mimi: mmm."

"Madame!" Noëlla aliita. "Mwambie Papa kama unamuona!"

Sasa mjue jambo moja kuhusu Salama. Mpango huu ulipoanza, watoto walikiogopa kioo. Wengine walilia, wengine walijificha nyuma ya mama zao. Alichowaambia ni hiki: mtu yeyote akiniita, nitamuitika. Na aliwaitika. Waliita kwa sababu ya kikohozi, kwa sababu ya kuku aliyepita kwenye mkeka, kwa sababu ya ndoto mbaya. Hakuna mtoto aliyewahi kuita akakosa jibu.

"Madame! Madame Salama!"

Salama aligeukia ubao.

"Tunachora mulima mumoja," alisema, mgongo wake ukiwa kwa mtoto. "Halafu mulima wa pili. Kushuka, kupanda."

Chaki ilivunjika mkononi mwake. Akaokota kipande, akamaliza mlima.

"Madame, haunisikie?"

Katika kidirisha kile mshale ulikuwa bado juu. Mtu yule aliuangalia uso wa mwalimu alipogeuka tena, akautikisia mkono mbele yake, akaupungia upinde. Salama akatabasamu vile vile, kwa kiwango kile kile, kama picha ya kalenda.

Mtu akacheka kicheko kifupi kilichokauka.

"Njo sinema tu. Hii kitu haisikie muntu. Niletee maji."

Noëlla hakwenda mara moja. Alibaki anakitazama kioo. Kisha akainuka, akaenda kwenye bidoni, dumu la maji.

"Sasa kila mutoto achore m yake chini, na kaa la moto lililozimika," Salama alisema. "Ninawangoja."

Isidore akamfungia sauti. Hapo tu ndipo Salama alipovuta pumzi, na pumzi ile ilitoka kama kilio.

"Muita mama yake!"

"Nimeita. Simu ya Mama Evodie haipite."

Mlango wa biro ukafunguliwa. Aliingia Papa Edmond, mkurugenzi, mtu mrefu wa kutembea polepole, ambaye ndiye aliyepiga magoti kwa wakubwa wa jimbo mpaka fedha za mpango huu zikapatikana. Aliangalia kioo. Akatoa simu.

"Papa Edmond, hapana!" Salama alisema. "Usiite askari."

"Unataka niite nani? Padri?"

"Nyumba njo ya miti na udongo. Wakipiga risasi moja itapita ukuta, itapita mutoto, itatokea ngambo. Ngoja ameze maji, atapumzika, ataenda."

"Au atamuchinja, halafu ataenda." Edmond alikuwa amekwisha kubonyeza namba. "Salama, wewe haukuenda kuchukua ndugu yako kwenye barabara ya Nyunzu. Mimi nilienda kuchukua wangu. Nilimuleta ndani ya shuka. Usiniambie habari za kungoja."

Alitoka nje na simu sikioni. Walisikia akisema jina la mtaa, Kataki, kisha: "Ndiyo, mon commandant. Nyumba ya mwisho, chini ya kanisa ya mabati."

Salama alirudi mbele ya kamera. Isidore akafungua sauti.

Na hapo akaona jambo lililomchanganya zaidi ya upinde wenyewe.

Mtu yule alikuwa amekunywa. Alikuwa amefunga paja lake na kitambaa cha meza cha Mama Evodie. Alikuwa ameweka upinde kando, amechukua mshale, na kwa ncha ya mshale alikuwa anakwaruza sakafu. Ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, kama mtoto yeyote wa darasa lile.

Noëlla alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Apana, Papa. Yako iko na mulima mumoja. Hiyo njo n. N ya Noëlla. M iko na milima miwili."

"Miwili?"

"Ongeza hapa."

Mtu akaongeza. Akaitazama kazi yake kwa muda.

"Hii njo m?"

"Njo m. Umefanya muzuri. Madame angekusifu, lakini leo Madame anakataa kusema." Mtoto alisema maneno ya mwisho bila kukiangalia kioo.

Salama alikuwa na njia moja bado hajaijaribu, na aliishika upesi.

"Vizuri sana, watoto. Sasa tutacheza. Kila mutoto asimame, atoke inje, aniletee jani moja. Jani la kijani. Twende, twende, wote inje!"

Katika vidirisha vyote watoto waliruka kwa kelele, wakakimbilia milango. Noëlla naye alisimama. Alikuwa amekasirika, lakini mchezo ni mchezo.

Mkono wa mtu yule ukamdaka nguo.

"Unaenda wapi?"

"Kuleta jani. Madame alisema."

"Kaa."

"Lakini wote wanaleta!"

"Nilisema ukae. Watu wakikuona inje watauliza." Akavuta mtungi kwa mguu mzima, akauweka nyuma ya mlango.

Njia ile ikafungwa.

Na ndipo Salama alipotupa jicho kwenye kidirisha kingine. Nyumba ya jirani, juu kidogo ya mteremko, mtoto alikuwa ametoka kutafuta jani na kuuacha mlango wazi. Kupitia mlango ule ilionekana njia ya Kataki na ukuta wa kanisa la mabati. Na mbele ya ukuta ule walikuwa wanapita askari. Mmoja. Mwingine. Wengine nyuma yao, wameinama, bunduki mbele.

Walikuwa wamefika. Hawakuja na gari, hawakupiga kelele, na katika nyumba ya mwisho mtu wa upinde alikuwa bado anajifunza milima miwili.

Wakifika mlangoni atamkamata mtoto amweke mbele yake. Kila mtu angefanya hivyo. Na askari watapiga. Salama aliliona jambo zima mpaka mwisho wake, kama limekwisha kutokea.

Isidore aliona alichokuwa anataka kufanya. Akatikisa kichwa kwa nguvu: hapana, hapana.

Salama akakisogelea kioo mpaka uso wake ukajaa wote.

"Wewe Papa wa upinde," alisema. "Ninakuona."

Mtu alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akarukia upinde, akaanguka juu ya paja lake baya, akapiga ukelele, na alipoinuka alikuwa amemshika Noëlla kwa mkono.

"Ninakuona toka umeingia. Umejeruhiwa paja la kushoto. Umechora n, mutoto akakurekebisha. Nisikilize. Askari wanashuka sasa hivi toka kanisani."

"Unadanganya!"

"Ningetaka kukudanganya ningenyamaza. Wakikukuta na huyo mutoto watapiga nyinyi wawili. Nyuma ya nyumba kuna mulango wa jikoni, mutoto alinionyesha na tableti. Chini yake kuna mufereji unaenda mpaka kwenye matete. Upande ule hawajafika. Muache mutoto, uende."

"Kwa nini unanieleza?" Mtu alikuwa anatweta. "Mimi niko adui wenu."

"Kwa sababu umemushika mutoto wangu."

"Njo mutoto wako?"

"Saa ya masomo, wote njo wangu. Muache, Papa. Ninakuomba. Muache."

Mlango wa biro ulikuwa wazi, na Edmond alikuwa amesimama pale na simu mkononi. Alikuwa amesikia kila neno.

"Salama," alisema polepole. "Umefanya nini?"

Katika kidirisha, mtu wa upinde aliuangalia mlango, akamuangalia mtoto, akaangalia sakafu aliyoikwaruza. Vidole vyake vikafunguka.

Noëlla akaanguka kwenye mkeka.

Lakini mtu yule hakukimbia bado. Aliinama, mkono wake ukakua mbele ya kamera, giza likafunika kila kitu, na sauti ya Noëlla ikapasua biro nzima:

"Tableti yangu! Papa, rudisha! Njo yangu!"

Ameondoka nayo! Kidirisha kikaonyesha paa, moshi wa jikoni, anga, majani yanayochapa kioo, anga tena. Pumzi nzito. Mguu unaoburuzwa kwenye mawe.

Kisha mlio wa risasi. Mmoja.

Kisha kidirisha kikawa cheusi.

Salama hakungoja kusikia Edmond atasema nini. Alitoka mbio na viatu vyake vya ndani. Isidore alimkuta barabarani amekwisha kuanza kupanda kwa miguu, akamuweka nyuma ya pikipiki, wakapita katikati ya soko wanapigiwa kelele na wauza samaki wa ndagala. Njia yote Salama alisema neno moja tu: "Mungu, Mungu, Mungu." Nguo yake ya kichwa ilipeperuka, hakuigeukia.

Juu Kataki watu walikuwa wamejaa. Askari mmoja aliweka bunduki kama kizuizi.

"Hapana kupita, Mama."

"Mutoto iko wapi?"

"Hapana kupita."

Nyuma yao kikasikika kishindo cha bidoni iliyoangushwa, na maji yakatiririka kati ya miguu ya watu. Mama Evodie alikuwa amerudi toka bombani. Alipita chini ya bunduki ya askari kana kwamba ni kamba ya kuanikia nguo. Hakuna aliyethubutu kumshika.

Akaingia nyumbani mwake. Watu wakanyamaza.

Ukimya ule ulikuwa mrefu, msomaji, na sitaki kuurefusha zaidi.

Evodie akatoka na Noëlla kiunoni. Mzima. Hana alama, isipokuwa mistari ya vidole kwenye mkono. Risasi ile askari aliipiga juu, kule kwenye matete, baada ya kuona majani yanatikisika. Mtu wa upinde hakupatikana.

Wanawake wakapiga vigelegele. Salama alipita katikati yao, machozi yanamwagika bila kuyafuta, akanyoosha mikono.

"Noëlla, mama yangu. Njo mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza mtoto kumuona akiwa na miguu. Alimtazama toka kichwani mpaka kwenye vile viatu vya ndani. Kisha akageuza uso, akauficha shingoni mwa mama yake.

"Nilikuita," alisema. "Nilikuita mingi. Ulikuwa unanisikia na ulikataa."

"Nilikuwa ninaogopa atakuumiza kama—"

"Ulikuwa unacheka."

Isidore ndiye aliyemueleza Evodie yote yaliyotokea, kando ya ukuta, kwa sauti ya chini. Evodie alisikiliza huku anampapasa mtoto mgongoni. Isidore alipofika kwenye habari ya mlango wa jikoni na mfereji, mkono ule ulisimama.

"Ulimuonyesha njia?" alimuuliza Salama.

"Ndiyo, Mama Evodie."

"Wewe unajua mume wangu alikufa namna gani."

"Ninajua."

"Ilikuwa mishale kama ile. Labda mukono ni ule ule."

"Labda."

Uso wa Evodie ulikuwa unapigana wenyewe kwa wenyewe.

"Mutoto wangu iko hai," alisema mwishowe. "Acha nifurahi leo. Kesho nitakukasirikia."

Na kweli kesho yake alikuja biro asubuhi, amekasirika. Lakini alikuja na Noëlla, amevaa robe, gauni lake safi, amesukwa nywele.

"Hana tableti tena," Evodie alisema, akimuangalia Edmond na si Salama. "Wenzake wanasoma. Huyu atakaa nyumbani kuhesabu kuku? Atakaa hapa, kwenye kiti, mpaka serikali imupatie nyingine. Mimi nitakaa naye. Sitoki tena kwenda kwa maji saa ya masomo."

Edmond hakuwa amelala. Alikuwa amemkuta Salama mlangoni alfajiri na kumwambia mambo mawili. La kwanza: mkuu wa askari anataka kujua adui alipataje kujua upande usio na mtu. La pili: yeye Edmond bado hajamjibu.

"Nilitaka kukutaja," alimwambia. "Niliinua simu. Halafu nikaona mutoto yule kwenye mukeka. Sijui, Salama. Usinishukuru. Bado sijaamua."

Sasa alimsogezea Noëlla kiti, akasimama nyuma na mikono kifuani.

Masomo yakaanza. Vidirisha vikafunguka kimoja kimoja, nyuso za watoto zikatokea, wengine bado wanatafuna. Salama alisalimu kila mmoja kwa jina lake. Kidirisha cha chini kilibaki cheusi. Noëlla alikaa amekunja mikono, hataki kuitika wimbo. Lakini wimbo ulipofika kwenye sehemu ya kupiga makofi, mkono mmoja ulijisahau ukapiga goti. Salama aliona. Alijifanya hakuona, na moyo wake ukapata nafuu kidogo, ya kwanza tangu jana.

"Leo tunaanza herufi nyingine," alisema, akachukua chaki.

"Madame Salama," Isidore alisema. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Angalia chini."

Kidirisha cheusi kilikuwa kimewaka.

Mwanzoni ilikuwa kijani tupu, majani na jua. Kioo kilitikiswa, kikafutwa kwa kiganja, kikasimamishwa juu ya kitu fulani. Na ndipo wakaonekana.

Watoto. Wamekaa chini kwenye majani ya migomba, karibu karibu, wakubwa kwa wadogo. Nguo zao zilikuwa vipande. Mmoja alikuwa na nywele zilizogeuka nyekundu kwa njaa. Hakuna aliyecheza. Wote walikuwa wanautazama uso wa Salama kama watu wanaotazama moto usiku wa baridi.

Mwanamke aliinama mbele ya kamera. Alikuwa kijana, na mtoto mchanga mgongoni, na bunduki begani.

"Mama," alisema. "Yule aliyeleta hii kitu alituambia wewe si sinema. Alisema unaona na unajibu. Njo kweli?"

"Njo kweli," Salama alisema.

Mwanamke akageuka, akawaambia wale nyuma yake kitu kwa lugha yao. Mnong'ono ukapita kati yao.

"Hawa watoto hawajaona shule hata siku moja," alisema. "Wanatuambia hivi vitu njo vya serikali, vya watoto maskini. Niangalizie, Mama. Kuna maskini kupita hawa? Wafundishe. Wakimaliza tutazima, tutaenda. Hatutamugusa muntu."

Evodie alikuwa amesimama. Alikuwa amemkamata Noëlla mabega kwa mikono miwili. Noëlla peke yake ndiye aliyekuwa anaangalia bila woga, kichwa ameinamisha upande mmoja, anawahesabu wale watoto wapya kwa midomo.

Edmond alipita nyuma ya kamera, kimya kama paka. Aliinama karibu na Isidore, na Salama akasikia swali lake.

"Rezo yao inatoka antena gani?"

Isidore aliondoa mikono mezani. "Papa Edmond..."

"Nimekuuliza."

"Ya kilima. Wako karibu, nyuma ya kilima tu. Nikipata muda naweza kujua upande."

"Muda gani?"

"Kama hawazimi... muda wa somo moja."

Edmond alitoa simu mfukoni. Akafunga kinasa sauti cha Salama kwa kidole, akamsogelea sikioni, na aliyoyasema aliyasema kwa upole, karibu kama anambembeleza.

"Fundisha, Salama. Fundisha muzuri, polepole. Uwaimbishe, uwachezeshe. Usiache hata mumoja asimame. Wakae hapo hapo mpaka askari wafike. Ukifanya hivyo, habari ya jana nitaisahau."

Akaondoa kidole. Taa nyekundu ya sauti ikawaka tena.

Kule nyuma ya kilima, mwanamke wa bunduki alikuwa amekwisha kukaa chini pamoja na watoto. Yule wa nywele nyekundu alijivuta mbele, akakunja miguu, akaweka mikono juu ya magoti.

"Tuko tayari, Mama," mwanamke alisema. "Anza."